Kifungu cha Nne: Kila Ombi Likataliwe Kwanza

Mama Illuminée mpendwa,

Nisaidie upesi, kabla sijafa kwa aibu au kwa kicheko, maana vyote viwili vinanigombania. Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Mimi ndiye niliyetunga sheria za Muungano wa Vyama vya Wasomi hapa Kigali, zote, tangu kifungu cha kwanza mpaka sahihi ya mwisho, kwa mkono huu huu unaoshika kalamu, na wasomi wenye miwani mizito wamekaa mbele yangu kama watoto wa katekisimu.

Sawa, sikutunga. Nakuona unavyokunja uso. Shule ya mapadri niliiacha darasa la nne, mimi na mapadri tukaagana bila machozi, na hata jina langu la ubatizo, Jean-Berchmans, siwezi kuliandika bila kutoa ulimi nje. Nilichotunga ni kifungu kimoja tu, cha nne, tena kwa mzaha, na ndicho hicho sasa kinachotaka kumnyima mjukuu wangu Alida mume. Kaa chini nikueleze.

Mwaka huu si unauona mwenyewe, watu watatu wakikutana bombani kuchota maji wanaondoka na chama, mmoja prezida, mmoja makamu wake, na wa tatu mweka hazina wa hazina ambayo haipo, basi wasomi nao wakaona wasiachwe nyuma. Vyama vyao wanavyo siku nyingi, cha wanahistoria, cha wanahesabu, cha watu wa lugha, cha watu wa mimea, na cha wale wanaochora ramani za milima, ingawa mimi najiuliza kwa nini mtu wa Rwanda achore mlima wakati angeweza kufungua dirisha. Wakasema tuunde muungano, tuwe na sauti moja, tuchapishe jarida moja. Wazo zuri kabisa. Ugonjwa ulianza waliposema na kiti cha prezida nacho kiwe kimoja.

Sasa kijana anayetaka kumwoa Alida anaitwa Régis, wa chama cha mimea, mpole, anajua jina la Kilatini la kila jani lakini ukimtuma sokoni kununua mboga za dodo anarudi na majani ya sungura. Ndiye katibu wa kamati iliyopewa kazi ya kuandika sheria za muungano. Baba yake alifariki zamani, akalelewa na baba yake mdogo, Cassien, ambaye ni prezida wa wanahistoria na mtu mzito, akikohoa wanafunzi wake wanaandika. Huyo Cassien mkumbuke, maana ndiye mwenye ufunguo wa ndoa hii. Kwetu kijana hajiposei mwenyewe, lazima mkubwa wa ukoo wake aje, akae, aombe, na bila Cassien huyo Régis hana ukoo wa kutuletea, labda atuletee majani.

Basi kamati ilikutana na kukutana tena, ikashindwa kuamua hata nani afungue mkutano, kwa sababu atakayefungua ataonekana ndiye mkubwa. Wanahistoria walisema wao ni wakongwe. Wanahesabu walisema wao ni wengi. Watu wa lugha walisema bila wao wengine wote wasingekuwa na maneno ya kugombania. Régis, maskini, akaja kwangu hapa Nyakabanda, akakaa kwenye benchi ameshika kichwa, akasema, "Sogokuru, babu yetu, tunataka mtu asiye na chama chochote, lakini anayejua kuongoza mazungumzo." Nikamjibu mjukuu wangu mtarajiwa kwamba mimi chama sina, hata cha wanywaji walinitoa. Ndivyo nilivyokuwa mwenyekiti wa muda wa wasomi. Usicheke, Mama. Mtaa huu wote mimi ndiye msemaji wa posa, familia ikitaka kuoza binti au kuposea kijana huja kuazima mdomo wangu, na padri wa parokia anajua kwamba ndoa nyingi anazozibariki zilishafungwa na ulimi huu.

Tulikutana Remera, katika ukumbi mmoja nyuma ya maduka. Niliahidiwa brosheti, mishikaki ile ya mbuzi, na Fanta, nami nikazikuta. Wakaniuliza tunaanzaje, na mimi ninajua njia moja tu ya kuwakalisha pamoja watu wasiopendana, nikawaendesha kama posa.

Wewe unajua posa ilivyo. Wageni wanafika, wanakaribishwa, msemaji wao anaomba binti, na msemaji wa nyumbani anakataa. Anasema hapa hapana binti, mmepotea njia. Anasema yupo lakini ameingia utawa. Anasema babu yenu alipita kwenye ua wetu mwaka wa njaa na hakusalimu. Wageni wanaomba radhi kwa makosa ya babu wasiyemjua, wanabembeleza, wanatoa maneno matamu, mpaka nyumba nzima inalainika na binti anatolewa. Hakuna anayekasirika, kwa sababu vyungu vya pombe vinaonekana pale nyuma ya nyumba na mirija imeshaloweshwa, na binti mwenyewe anachungulia kwenye pazia ameshasukwa.

Basi nikawaambia wasomi wangu kwamba mtu anayekubali mara moja ni kama mwuza mbuzi mgonjwa, anataka biashara iishe kabla mbuzi hajakohoa. Nikasema jambo lolote linaloletwa kwenye muungano wenu likataliwe kwanza, ndipo likubaliwe, litakuwa na utamu. Wakacheka. Mimi nikadhani mtu akicheka ameelewa. Kumbe msomi anaweza kucheka huku anaandika.

Régis aliandika. Neno langu liliposomwa kwa Kifaransa, limevaa nguo za Jumapili, hata mimi sikulitambua: kila ombi litakalofikishwa mbele ya Baraza litakataliwa kwanza, kabla ya kufikiriwa. Kifungu cha nne. Watu wa lugha wakapiga makofi wakasema hiyo ndiyo hekima ya mababu, wakapiga kura, ikapita. Mimi nilikuwa na brosheti mdomoni. Ningeweza kuitoa nikasema jamani, ule ulikuwa mzaha. Lakini Mama, tangu nizaliwe sijawahi kuona watu wenye diploma wakinitikisia kichwa namna ile, na nakuambia ukweli, ni tamu kuliko nyama ya mbuzi.

Siku ya mkutano mkuu ombi la kwanza likaletwa, kwamba Cassien awe prezida wa kwanza wa muungano. Akainuka Kabagwira, prezida wa wanahesabu, mwanamke ambaye akikuamkia unahisi umekosea hesabu. Akasema neno moja, "Tumekataa," akakaa.

Cassien akangoja. Sote tukangoja. Kwenye posa hapo ndipo mtu anaanza kubembeleza, lakini kifungu changu hakikusema nani ambembeleze nani, wala kwa maneno gani, wala mpaka lini. Nilisahau kuwafundisha mwisho wake, maana kwetu mwisho haufundishwi, ukiona vyungu unajua. Pale ukumbini hapakuwa na chungu. Palikuwa na Fanta, kila mtu moja, na zilishanyweka. Cassien alijiona mkubwa mno kubembeleza. Kabagwira akasema sheria imetaka likataliwe, nasi tumeitii, haikutuambia likubaliwe lini. Wanahistoria kwa hasira wakakataa ombi la wanahesabu kwamba kura ziende kwa wingi wa wanachama. Watu wa ramani wakakataa jarida. Watu wa lugha wakakataa neno "jarida". Mwisho wakakataa tarehe ya mkutano ujao, kwa hiyo mkutano ujao hawana, na mmoja akapendekeza tufunge kwa sala, hiyo nayo ikakataliwa kwa kufuata kifungu cha nne. Tukatoka bila Baba Yetu, kama wapagani.

Nje, pale kwenye kituo cha basi, Cassien alinisogelea. Nikamtania kwamba leo amekataliwa kama bwana harusi. Hakucheka. Akasema, "Muzee, nyumba iliyonikataa mbele ya wanafunzi wangu, mlangoni kwake sirudi kupiga magoti." Nikadhani anausema muungano. Kumbe anaisema nyumba yangu. Amemwambia Régis kwamba kile kifungu nilikitega makusudi, nimdhalilishe kwanza hadharani, ili siku ya posa aje kwangu kichwa kimeshainama, na kwa hiyo haji, na ukoo wake hauji.

Na posa ni Jumamosi hii. Mtama umeshachachuka, nausikia vyunguni unachemka kama watu wanaosengenya, na pombe ya mtama haingojei wasomi. Alida ameshasukwa. Hanigombezi, ndiyo mbaya zaidi. Juzi alikuwa anapepeta mchele, nikamtania kidogo, akasema bila kuinua macho, "Sogokuru, wale uliwafundisha kukataa. Mimi nani atanifundisha kukataliwa?" Akaendelea kupepeta.

Sasa nifanyeje? Nikisema mbele ya wote kwamba kifungu ni mzaha wa mlevi, muungano wao utachekwa Kigali nzima, Régis aliyeandika mzaha kuwa sheria ataonekana mjinga, nami nitapoteza kiti na brosheti zake. Nikinyamaza, Jumamosi itafika na vyungu vyake bila wageni. Mke wangu anasema nijilaze nijifanye mgonjwa, tuahirishe. Mimi nimepata shauri bora zaidi, kuna fundi mwashi mmoja Kinyinya, ana ndevu za heshima na umbo la baba mdogo, nimeshamwazima koti langu, linamkaa, na tumefanya mazoezi, neno "ng'ombe" analitamka kwa uchungu kama mtu anayemtoa mahari kweli. Niambie basi, nimlete huyo fundi, au niseme, au ninyamaze?

Na ukishanijibu, kumbuka mwavuli wangu. Ule mweusi, wa mpini wa mti, uliouazima siku ile ya mvua ulipokuja kumwona dada yako hapa Nyakabanda, ukasema asubuhi unaurudisha. Asubuhi ya nchi gani, mwanangu? Mvua za posa zimeshaanza, na msemaji asiye na mwavuli ni jogoo aliyeloa. Nirudishie.

Bayingana, Nyakabanda

*

Mzee wangu Bayingana,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuchungulia. Mara ya pili nikamwona Alida na ungo wake, kicheko kikaisha.

Unaniuliza useme au unyamaze. Mzee, umeiandikia safu yangu ya gazeti, na barua ikija kwangu huchapishwa. Nilifikiri kubadilisha majina, nikaona ni kazi bure, maana katika Kigali yote mzee anayetoa ulimi akiandika jina lake ni mmoja. Leo Jumatano Cassien anasoma mistari hii hii, na Kabagwira anaisoma, na padri wako. Umeshasema. Kilichobaki ni kusema tena kwa mdomo wako, mbele ya mtu uliyemkosea, badala ya kumwachia auokote ukweli kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi.

Mrudishe fundi kwenye matofali yake, leo. Koti mwachie, kwa usumbufu. Ulitaka mjukuu wako aombwe na ndevu za kuazima, siku ya mtoto wake wa kwanza baba mdogo angekuwa nani? Nawe na mke wako msijilaze kitandani. Ugonjwa wa uongo unaita wageni wa kweli, na hao ndio watakaomaliza pombe.

Sasa sikiliza, maana hapa hutapenda. Hukufanya kosa kuleta posa kwenye mkutano wa wasomi. Watu wanaogombea kiti kimoja wanahitaji njia ya kuambiana hapana bila kuumizana, na posa ni njia nzuri kuliko nyingi. Kosa lako ni kwamba uliwapa nusu yake ile inayochekesha. Kwenye posa anayekataa anajua kwamba atakubali, na anayekataliwa anajua kwamba atapewa, na wote wanaviona vyungu. Wewe uliona hawavioni, ukatafuna. Cassien ana kiburi, hilo nalikubali, msomi asiye na kiburi bado sijaonyeshwa. Lakini mtu aliyekataliwa mbele ya wanafunzi wake, halafu akataniwa kwenye kituo cha basi na yule yule aliyetunga kukataliwa kwake, mzee, na wewe ungenuna.

Kwa hiyo utakwenda kwake kesho. Huendi kama mwenyekiti wala kama msemaji wa mtu. Chota chungu kidogo katika ile pombe inayosengenya, chukua mirija miwili, nenda. Najua kwa mila ni upande wa mwanamume unaokuja kwa upande wa binti. Safari hii upande wa binti unatangulia, na majirani wakiuliza waambie ni kifungu cha tano. Ukifika sema maneno haya na usiyatie chumvi: nilitoa mzaha, mkauandika, nikaona, nikanyamaza kwa sababu nilipenda mnavyonitikisia kichwa. Atakukataa. Nakujua, hapo utakuwa na jibu zuri sana mdomoni, la kuchekesha. Limeze. Kaa kimya kwenye kiti chake, ukataliwe kama watu wengine wanavyokataliwa, mpaka ajisikie kuuchukua mrija wake. Hilo ndilo Alida aliloliuliza. Mfundishe kwa kulifanya.

Kuhusu muungano, kifungu chako msikifute. Kiongezeeni mlango. Anayekataa ombi aseme palepale, katika kikao hicho hicho, ni nini kitakachomfanya akubali. Na akishapewa alichotaja, asirudi na sababu nyingine. Kila chama kiwe na sauti moja, kiwe na watu mia au wanne, kwa maana hiyo ni meza ya vyama na si gulio. Kiti cha prezida kizunguke, mwaka huu hapa, mwaka ujao kwa jirani, ili anayekalia leo akumbuke kwamba atakalia benchi kesho. Na anayeleta marekebisho hayo asiwe wewe. Awe Cassien. Ni mwanahistoria, ayaeleze yeye hayo mambo ya posa kama yanavyostahili, na heshima aliyoipoteza mbele ya wanafunzi wake aiokotee hapo hapo mbele yao.

Kabagwira atakataa kwanza, ni haki yake kwa sheria yenu. Simjui huyo mama, lakini mwanamke anayesema "tumekataa" akakaa ana jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Ukumbi mzima wa wasomi, na hakuna aliyejua kusema, "Mama, unataka nini?" Régis amwulize. Kijana aliyeandika mzaha kuwa sheria anaweza pia kuandika jibu la mtu.

Kiti cha mwenyekiti kirudishe siku hiyo hiyo. Uliwekwa pale kwa sababu huna chama. Tangu ulipoonja kutikisiwa kichwa umekuwa na chama, cha mtu mmoja, na prezida wake anapenda brosheti.

Jumamosi Cassien akija, atakuomba Alida, na mila itakutaka ukatae. Kataa. Lakini kwa ufupi, mzee, sababu moja ndogo, babu mmoja tu asiyesalimu, na umkalishe mgeni wako mahali anapoviona vyungu.

Sasa mwavuli. Ombi lako limefika mbele yangu, na kwa kufuata kifungu cha nne, nimelikataa. Na kwa kuwa anayekataa lazima aseme atakubali kwa nini, nasema sasa hivi: uje kuuchukua mwenyewe ofisini kwangu Ijumaa, wewe na Cassien. Nimeufungua nikaupima, ni mkubwa. Mvua ikiwakuta njiani mnatosha wawili.

Illuminée